Mizani ya Pamba Darasani: Kuandaa Somo la Historia kwa Wanafunzi Wasiofanana

Walimu wengi wa historia, wanapoandaa kipindi kwa darasa lenye wanafunzi sabini na zaidi, hushawishika kuwagawa: hawa hujifunza kwa kuona, wale kwa kusikia, na wengine kwa kutenda. Kwa muda niliofundisha hapa Mwanza nimeuacha mgawanyo huo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Harold Pashler na wenzake mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo aupendao. Ninachowashauri walimu wenzangu ni kuchagua tukio moja na kulipitisha darasa zima katika njia zote, ili aliyepitwa na hatua ya kwanza adakie katika ya pili.

Chukua mada ya ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa. Wakulima wa Usukuma waliuza pamba yao kwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, na kwa muda mrefu walilalamika kwamba mizani iliwapunja. Kutokana na malalamiko hayo vilistawi vyama vya wakulima, akiwamo Paul Bomani miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1955 vikaundiwa chama kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions. Maelezo haya yakiandikwa ubaoni, mwanafunzi atayanakili vizuri na kuyasahau kabla ya kengele ya chakula.

Kwa hiyo mimi huazima mizani ya kuning'iniza kutoka kwa mchuuzi wa dagaa. Kabla ya kipindi nakaza skrubu hadi mshale urudi nyuma ya sifuri, kisha namkabidhi mwanafunzi anayeigiza mnunuzi. Mkulima anatundika kiroba cha mchanga ambacho darasa limekwisha kuambiwa kina kilo ishirini. Mizani inasoma kumi na nane, na mnunuzi anaandika kumi na nane. Kelele huanza hapo hapo, na anayeutazama mshale na kugundua hila mara nyingi si yule anayeongoza kwa maksi. Ndipo nauliza: mngekuwa ninyi, mngefanya nini? Haipiti dakika kabla mmoja hajasema kwamba wakulima waweke mtu wao wa kukagua vipimo, na hilo ndilo walilolifanya wakulima wenyewe. Maelezo ya ubaoni yanafuata baada ya hapo, na ni mafupi.

Ramani huja baadaye: reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na vikundi huchora safari ya robota la pamba kutoka kiwanda cha kuchambulia, kupitia Tabora, hadi bandari ya Dar es Salaam. Ukimwalika mzee aliyewahi kulima pamba, kutoka Magu au Kisesa kwa mfano, mpe maswali siku chache kabla, na usimbane kwa tarehe. Wazee wengi hupanga kumbukumbu kwa njaa, mvua na kuzaliwa kwa watoto, na kazi ya kuoanisha masimulizi hayo na kalenda iachie darasa, kwani hapo ndipo wanapojifunza kupima chanzo.

Jambo ambalo walimu wengi hulipuuza ni maandishi. Igizo lisiloishia katika aya iliyoandikwa hubaki burudani, na mtihani wa taifa haumpi mtu alama kwa kuigiza. Katika andalio langu la kipindi cha dakika themanini, igizo halizidi dakika ishirini, na robo ya mwisho kila mwanafunzi huandika barua ya mkulima kwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali ya kikoloni wilayani, akitaja sababu mbili za malalamiko na pendekezo moja. Wenye Kiingereza kinachosuasua nawaruhusu kuanza rasimu kwa Kiswahili. Katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, kikwazo hicho hakipo. Nasahihisha barua kumi tu jioni hiyo, zile za wanafunzi waliokaa kimya, na kutokana na hizo napanga kipindi kinachofuata.