Kwa Binti Yangu Aliyeambiwa Achague

Tanga

Binti yangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Isha, nikaurudia alfajiri. Unasema mwongozaji wa tamthilia yenu amekutaka uchague: ama uigize, ama ukakae mezani uandike wasifu wa yule bibi mwimbaji wa taarabu unayemrekodi tangu mwaka jana. Ukaniuliza, "Baba, yule Mwingereza wa vitabu vyako aliwezaje yote mawili? Hakuharibu kimoja kwa ajili ya kingine?"

Nimefurahi umeniuliza mimi. Kwanza nikukumbushe sura yake. Mwigizaji Simon Callow ndiye Gareth, yule mwenye ndevu na vizibao vya rangi kali katika filamu ya Four Weddings and a Funeral ya mwaka 1994, anayecheza ngoma ya Kiskoti arusini mpaka moyo wake unasimama. Tuliitazama pamoja ukiwa darasa la sita, ukalia, mama yako akanilaumu mimi. Basi mwaka uliofuata, 1995, mtu huyohuyo alitoa kitabu kinene juu ya Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji wa filamu wa Kimarekani, juzuu ya kwanza, kinachoanzia kuzaliwa kwa Welles mwaka 1915 na kuishia kwenye filamu ya Citizen Kane, 1941. Juzuu ya pili ilitoka 2006, ya tatu 2015. Miaka 20 toka ya kwanza hadi ya tatu, na muda wote huo alikuwa akipanda jukwaani na kuonekana kwenye filamu na runinga.

Mimi naona alikuwa na kazi moja tu, kumwingia mtu mwingine mpaka ajue anavyovuta pumzi. Jukwaani aliifanya kwa mwili wake, mezani kwa kalamu.

Tazama alivyoanza. Alizaliwa London mwaka 1949, na sehemu ya utoto wake aliipitia huku kwetu Afrika, Zambia, enzi hizo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Alipokuwa kijana alimwandikia barua Laurence Olivier, mwigizaji mkubwa aliyekuwa akiongoza National Theatre, jumba la michezo la taifa huko London, kumsifu kwa kazi ya jumba lile. Olivier akamjibu: kama unapapenda hivyo, njoo ufanye kazi kwenye chumba cha tiketi. Akaenda. Yaani mlango wa uigizaji alifunguliwa kwa barua aliyoiandika yeye mwenyewe. Hilo huwa nalifikiria sana.

Baadaye, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Belfast, alifika pale mwigizaji mkongwe wa Kiayalandi, Micheál MacLiammóir, na mchezo wake wa mtu mmoja. Callow akajitolea kuwa mvishaji wake, wa kumshikia koti na kumtengenezea mavazi. Sasa MacLiammóir ndiye yule ambaye mwaka 1931, yeye na mwenzake Hilton Edwards, walimpokea kwenye Gate Theatre ya Dublin kijana wa Kimarekani wa miaka 16 aliyedai kuwa ni nyota wa majumba ya New York. Hawakumwamini, lakini walimpa nafasi. Kijana huyo ni Orson Welles. Kwa hiyo Callow alipokuja kuandika kisa cha Dublin, alikuwa amewahi kusimama chumba kimoja na shahidi wake, akimfunga vifungo.

Na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Welles alipenda kuyapamba maisha yake, kila mwaka hadithi ikaongezeka nakshi. MacLiammóir naye alikuwa msimulizi wa namna hiyohiyo. Callow hakumwonea haya hata mmoja. Alipekua barua za wakati ule na magazeti ya wakati ule, akaweka kauli za Welles mkabala na yaliyoandikwa siku ileile, halafu akauliza: kwa nini alihitaji kusema hivi? Mwigizaji hulijua swali hilo, maana kila akishika mhusika anauliza mtu huyu anataka nini kwa maneno haya.

Mwongozaji wako atakuambia kalamu inamwibia mwigizaji nguvu. Mwambie habari za mwaka 1979. Mchezo wa Amadeus, unaomhusu mtunzi wa muziki Mozart, ulipoonyeshwa mara ya kwanza National Theatre, Mozart alikuwa Callow. Filamu yake ilipotoka 1984, Mozart alipewa Mmarekani, Tom Hulce, naye Callow akapewa nafasi ndogo ya Schikaneder, mwenye jumba la michezo. Mwaka uleule wa 1984 alitoa kitabu chake cha kwanza, Being an Actor, ambamo anaeleza kazi hii kuanzia siku za kukosa ajira, hadi mazoezi, hadi usiku wa kwanza, hadi ule uchovu wa kurudia mchezo mmoja miezi na miezi. Ndani yake aliwapinga waziwazi waongozaji waliojifanya wenye mali yote, mwigizaji akabaki chombo chao. Wengine walidhani amejifungia milango. Mwaka 1985 yumo kwenye filamu ya A Room with a View, mchungaji Beebe, na nafasi ile ikamfikisha kwenye orodha ya wawania tuzo za BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza.

Ukitaka kuanza kumsoma, anza na cha Charles Laughton cha mwaka 1987. Cha Welles ni bahari, utazama mapema. Laughton alikuwa mwigizaji wa Kiingereza, mtoto wa wenye hoteli huko Scarborough, mtu mnene aliyeamini kwamba ana sura mbaya, akaigeuza sura hiyo kuwa mali ya kazi yake. Kuna sehemu nimeisoma sijui mara ngapi. Katikati ya miaka ya 1940, huko California, Laughton na Bertolt Brecht, mwandishi wa michezo wa Kijerumani, walikaa kuandika upya mchezo wa Galileo kwa Kiingereza. Laughton hakujua Kijerumani, na Kiingereza cha Brecht kilikuwa cha kuungaunga. Wakafanya hivi: Brecht aliliigiza tendo, Laughton akaliigiza tena kwa Kiingereza, akarudia na kurudia mpaka mwili ukubali, ndipo wakaliandika. Mwanachuoni angetuandikia kwamba walishirikiana katika tafsiri, basi, akafunga ukurasa. Callow anakaa hapo, kwa sababu yeye anajua neno linavyopimwa kwa mkono na bega kabla halijawa neno. Kwa kuwa ni mwigizaji, aliona kazi pale ambapo wengine wangeona kituko.

Katika juzuu ya pili ya Welles kuna habari itakayokugusa wewe uliyekulia kwa wavuvi. Mwaka 1941 wavuvi wanne wa Brazil walitoka Fortaleza kwa jangada, chelezo cha magogo chenye tanga, wakasafiri siku 61 mpaka Rio bila dira, kwenda kumwomba Rais Vargas awaingize wavuvi kwenye pensheni. Fikiria chelezo, wala si ngalawa! Mwaka 1942 Welles akaenda kuwapiga picha wakiirudia safari yao. Mwezi Mei, hapo hapo Rio, bahari ikakipindua chelezo na kiongozi wao, aliyeitwa Jacaré, akazama. Huku nyuma, Hollywood, studio ilikuwa inaikata filamu yake nyingine, The Magnificent Ambersons, kutoka zaidi ya saa mbili hadi dakika 88, mwenyewe hayupo. Welles akabaki Brazil na watu wachache na fedha kidogo, akawapiga picha wavuvi watatu waliosalia. Filamu ile hakuimaliza katika uhai wake. Callow hamtakasi Welles kwa haya wala hamsulubishi. Anakuonyesha siku kwa siku, nawe unaukuta mzigo umekulemea mwenyewe.

Kwa Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, alianza na mwili. Mwaka 2000 alimwigiza peke yake jukwaani, kwenye mchezo ulioandikwa na Peter Ackroyd. Mwaka 2005 akamwigiza tena katika Doctor Who, tamthilia ya runinga. Kitabu kikaja 2012, na kinamwangalia Dickens kama mtu wa jukwaa. Wajua Dickens alikuwa na miadi ya usaili Covent Garden mwaka 1832, akaamka siku hiyo na mafua makali, hakwenda? Hebu waza, mafua.

Sasa turudi kwa bibi yako wa taarabu. Nimesikiliza zile rekodi tatu ulizonitumia. Unamuuliza mwaka gani, ukumbi gani, nani alipiga kinanda. Ni sawa, yaandike, na uyapime kwa wengine waliokuwepo, maana naye anapamba, nimemsikia anapamba. Lakini hujamuuliza alisimamaje. Mkono upi ulishika leso? Pumzi aliivuta wapi katika ubeti mrefu? Alipotunzwa fedha, alimwangalia mtunzaji au alitazama juu ya kichwa chake? Hayo wewe unaweza kuyauliza kwa sababu unapanda jukwaani, na ukiacha kuigiza sidhani kama utaendelea kuyaona. Shaaban Robert alimwandika Siti binti Saad kwa sikio la mshairi. Wewe una sikio na una magoti yanayojua kusimama kwa muda wa saa nne chini ya taa.

Mwongozaji mjibu kwa adabu, ni mkubwa wako kazini. Mwambie siku za kurekodi utakuwepo kwa wakati na maneno yako utakuwa umeyashika. Siku nyingine ni zako.

Kitabu cha Laughton nimempa dereva wa basi la saa kumi na mbili, kimefungwa kwenye khanga ya mama yako. Ukienda kwa bibi Ijumaa usitoe simu kwanza. Mwombe asimame aimbe ubeti mmoja, nawe simama ubavuni pake uimbe naye.

Baba yako