Pedali inazama baada ya kubadilisha paipu ya breki iliyooza

Swali lako: pikapu ya zamani, paipu ya breki ya nyuma imetoboka kwa kutu, umekata kipande na kuunga kingine, umetoa upepo mara nne na pedali bado inazama.

Kwanza hiyo paipu. Ing'oe yote, ufunge mpya kutoka kiungo hadi kiungo. Pitisha kidole chini ya klipu za chasisi na juu ya ekseli ya nyuma, tope linapokaa: utasikia vipele na chuma kinachobanduka kama magamba. Hapo ndipo patakapopasuka siku utakapokanyaga kwa nguvu. Na kama uliunga kwa kiungo cha kubana kwa pete, gari lisitoke. Shinikizo la mafuta ya breki hupita baa 100 kirahisi, na kiungo hicho huchomoka.

Tumia paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hupindika kwa mkono na haishiki kutu. Nyingi zina kipenyo cha 4.75 mm, lakini pima yako. Nati ikigoma, kata paipu karibu nayo, kisha uifungue kwa soketi ya pembe sita. Spana ya kawaida itaila kona. Ingiza nati mpya kabla ya kutengeneza mdomo wa paipu, yaani ncha iliyopanuliwa inayoziba ndani ya kiungo. Angalia pia aina ya mdomo: wa kukunjwa mara mbili, au wa uvimbe kama kitufe. Nati ya M10x1.0 hutumika kwa zote mbili, kwa hiyo hata ukikosea mdomo itaingia vizuri tu, halafu ivuje.

Sasa pedali. Ikipanda ukipampu mara mbili, viatu vya breki za nyuma huenda viko mbali na dramu; vikaze mpaka gurudumu ligome, kisha legeza hadi likwaruze kidogo tu. Fanya hivyo kabla ya kutoa upepo. Ikibonyea kama sponji, kuna upepo. Ikizama polepole mguu ukiwa umetulia na hakuna panapovuja, masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, imekwisha.

Upepo mkaidi kwenye pikapu hukaa kwenye valvu ya mzigo, ile yenye fimbo inayoshika ekseli ya nyuma. Weka stendi chini ya ekseli. Ukiinua kwa chasisi, ekseli inaning'inia, valvu inadhani gari ni tupu na inabana mafuta. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na kama valvu ina skrubu yake ya kutolea upepo, usiiruke. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isigonge sakafu: ndani ya masta silinda ya zamani, sehemu ambayo mpira wa kuzuia mafuta haujawahi kufika ina kutu, nayo huukata. Jaza mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha tangi la mafuta hayo kinavyosema, wala usichanganye na DOT 5, hiyo ni silikoni. Tangi lisikauke hata mara moja, utaanza upya.

Ukimaliza, washa injini, mtu akanyage kwa nguvu dakika nzima, nawe ufute kila kiungo kwa karatasi nyeupe kavu. Ikilowa hata tone, fungua uutazame mdomo. Usikaze nati zaidi.