Gia Zilizolegea Kwenye Otomatiki: Anza na Waya Kabla ya Giaboksi

Nina Hilux Surf ya 1996, ya petroli, injini ya 3RZ lita 2.7, otomatiki ya gia nne. Nilipoinunua gia zake zilikuwa laini hata nikawa najisifu nazo. Abiria hakujua ya pili imeingia lini wala ya tatu. Nikadhani ndiyo raha ya otomatiki yenyewe. Siku moja nimeshamaliza kupanda mlima wa Kitonga, naelekea Ilula, nikapata nafasi ya kulipita lori la mbao. Nikakanyaga mafuta. Mshale ukapanda, injini ikalia, lakini gari likabaki pale pale ubavuni mwa lori kana kwamba halijasikia. Kitambo kidogo ndipo gia ya tatu ikashika, na mimi jasho limeshanitoka.

Fundi wa kwanza alilizungusha mtaa mmoja tu akasema giaboksi imekwisha, nitafute ya mtumba. Akanitajia na bei. Fundi wa pili, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, hata barabarani hakwenda. Alifungua boneti akaniuliza, "Kijana wangu, huu waya nani kaushika?"

Sikujua hata kama kuna waya. Na nimekuja kugundua wenye magari wengi hawajui, ndiyo maana naandika.

Kwenye otomatiki za Toyota za miaka ile, ukitazama pale waya wa mafuta unapovuta koo la hewa la injini, utaona waya wa pili umefungwa hapo hapo ukishuka kwenda kwenye giaboksi. Mafundi wengi wanauita waya wa kikidauni. Kazi yake ni kuiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani, ili iongeze presha ya oili. Presha hiyo ndiyo inayobana pleti za klachi humo ndani. Ukikanyaga sana injini inatoa nguvu nyingi, kwa hiyo pleti zinahitaji kubanwa zaidi. Waya ukilegea, giaboksi inadhani unatembea polepole wakati wewe unapita lori. Pleti zinabanwa kinyonge, zinasuguana kwanza kabla ya kushika. Ule ulaini niliokuwa najisifu nao ulikuwa pleti zikiungua taratibu.

Kwenye giaboksi kama yangu, muda wa kubadilisha gia unaamuliwa na kompyuta, waya unashughulika na presha. Kwenye zile za zamani zaidi zisizo na kompyuta, waya unagusa vyote viwili: ukiukaza, gia zinakuwa ngumu na pia zinachelewa. Kitufe cha PWR, yaani "power", ni habari nyingine. Kinachelewesha gia tu, hakizikazi, ingawa nimekutana na watu wanaoapa kwamba kinaongeza nguvu ya injini.

Kuupima ni kazi ya dakika kumi. Zima injini. Mtu akae ndani akanyage mafuta mpaka chini kabisa, na kabla ya hapo toa kapeti la miguuni, maana la kwangu lilikuwa limejikunja chini ya pedeli na mafuta hayakuwa yakifika mwisho. Wewe uko mbele kwenye boneti. Kwenye waya kuna kijidonge cha chuma kilichobanwa, na mwisho wa ala yake kuna kifuniko cha mpira. Pedeli ikiwa chini kabisa, nafasi kati ya kijidonge na mdomo wa mpira inatakiwa iwe kati ya 0 na milimita 1. Kipimo ni kadi ya benki, ambayo unene wake ni kama robo tatu ya milimita. Kwenye gari langu kijidonge kilikuwa bado kimejificha ndani ya mpira.

Ala ya waya imeshikwa na nati mbili, moja kila upande wa kibati. Legeza moja, kaza nyingine, ala inasogea. Mzee aliileta mpaka kadi ikawa inapita kwa shida, tukaenda barabarani. Sitasahau ile ya pili kwenda ya tatu: mguso mmoja mfupi, kama mlango wa friji unavyojifunga. Gari lile lile, oili ile ile.

Tamaa ikaniingia. Jumapili iliyofuata nikashika spana mwenyewe nikakaza zaidi, kijidonge kikawa kinatoka nje ya mpira hata kabla pedeli haijafika chini. Kwa nusu siku nilijiona dereva wa mashindano. Halafu kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, kila gari likisogea hatua mbili, la kwangu linapiga teke. Ukitoa N kuweka R, kishindo kinasikika chini mpaka walinzi wa getini wanageuka. Presha ikizidi hata injini ikiwa inanguruma polepole, mzigo wote unaangukia krosi za propela shafti na mauntini. Nikarudisha nusu mzunguko, nusu mzunguko, mpaka kishindo cha R kikaisha na mguso wa ya tatu ukabaki. Huo ndio utaratibu wangu sasa: nusu mzunguko, endesha siku nzima, kisha amua. Na ukikosea, ni heri ukosee kwa kukaza kidogo kuliko kulegeza. Teke linakusumbua, lakini waya uliolegea unaua pleti bila kelele.

Lakini usiguse nati yoyote kabla ya kutazama oili. Giaboksi ikiwa ya moto, injini inanguruma, pitisha gia zote kutoka P mpaka L, rudi P, ndipo uvute stiki na kusoma upande ulioandikwa HOT. Iwe nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, waya hautaiponya. Ikiwa ya pinki kama maziwa yenye rangi, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoza oili kilichomo humo ndani, basi usiwashe tena. Ya kwangu ilikuwa ya kahawia. Ukifungua nati ya sampu zinatoka lita mbili tu, nyingine zimebaki kwenye konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) na ndani ya giaboksi, kwa hiyo nilimwaga na kujaza mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Mara tatu hizo zinakupa nusu ya oili mpya, na inatosha kuanzia. Mashine za kusukuma oili yote kwa nguvu sizipendi kwa giaboksi iliyozeeka.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi. Ndani ya giaboksi kuna akumuleta, yaani pistoni ndogo zenye springi zinazolainisha gia kwa kumeza sehemu ya presha ya kwanza. Wamarekani wanauza seti za springi ngumu zaidi na maelekezo ya kupanua vitundu vya bati lililo katikati ya bodi ya valvu, ile inayogawa presha ya oili, hata kwa giaboksi hizi za A340 kama yangu. Zikifungwa na mtu anayejua, zinafanya kazi vizuri. Rafiki yangu alifungiwa washa, yaani pete za chuma, chini ya springi na fundi aliyejifunza kwa kutazama video. Gari lake sasa mkewe halipandi.

Na kama gari lako halina huo waya, usiutafute. Otomatiki mpya zaidi presha yake inaendeshwa na solenoidi kwa amri ya kompyuta, na zenyewe zinahitaji oili sahihi, koo la hewa safi na mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Zile za CVT, zinazotumia mkanda badala ya gia, kama za Premio na Allion nyingi zilizojaa barabarani, hazina gia za kukazwa. Atakayekuahidi kukaza gia za CVT, chukua ufunguo wako uondoke, hasa akiwa ameshika kopo la oili ya otomatiki ya kawaida.

Surf yangu nati ziko pale pale tangu mwaka jana. Nilizichora mstari kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ili fundi akizigusa nijue kabla sijatoka getini kwake.