Jibu: Kumtafuta babu Mwingereza wa mradi wa karanga na nduguze waliohamia Australia

Dada, umesema unachokijua ni jina kamili la babu mzaa baba, kwamba alikuwa fundi mitambo kwenye mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Kongwa, Tanganyika, na kwamba alikuwa akiwataja ndugu wa bibi yake waliohamia Australia. Hayo si haba. Babu yangu mzaa mama alikuja kwa mradi huohuo, upande wa Nachingwea, na tulichobaki nacho nyumbani ni jina lake na jina la mkoa wa kwao, Suffolk. Leo najua alikozaliwa, na nawasiliana na wajukuu wa ukoo huo walioko Melbourne.

Wengi waliotangulia kukujibu wamekwambia uanze na cheti cha kuzaliwa. Mimi naona tofauti. Usajili wa vizazi Uingereza ulianza Julai 1837, na kama jina la ukoo ni la kawaida utaletewa kundi zima la watu na hutajua yupi ni wako. Anza na meli.

Mradi ulianza 1947 na serikali ya Uingereza ikautangaza umekufa mwanzoni mwa 1951, kwa hiyo miaka ya kupekua ni michache. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kwenda nje ya Ulaya zimehifadhiwa kuanzia 1890 hadi 1960. Karatasi zenyewe ziko hifadhi ya nyaraka ya taifa, Kew, London, na picha zake utazikuta Ancestry na Findmypast, tovuti za kulipia za kutafuta ukoo. Kwa miaka hiyo ya arobaini zinaandika jina, umri, kazi na anwani ya mwisho aliyoishi Uingereza. Ukimpata fundi mwenye jina la babu anayeshuka Dar es Salaam, hiyo anwani ina thamani kuliko kitu kingine chochote ulichonacho. Kama alikuja kwa ndege hatakuwemo, ila tazama pia orodha za wanaorudi, maana huenda alipanda meli wakati wa kuondoka.

Ukishakuwa na anwani, nenda kwenye daftari la 1939. Vita vilipoanza, serikali iliandikisha raia usiku wa tarehe 29 Septemba ili watu wapewe vitambulisho na baadaye kadi za mgao wa chakula. Uzuri wake ni kwamba linaonyesha tarehe kamili ya kuzaliwa, si umri wa kukadiria. Kama babu alikuwa tayari jeshini usiku ule hutamwona, lakini wazazi wake unaweza kuwakuta. Kwa tarehe hiyo sasa ndiyo unaingia faharasa ya vizazi ya ofisi kuu ya usajili. Ile ya kwao wenyewe mtandaoni inaonyesha jina la mama kabla ya kuolewa tangu 1837, ila kwa watoto wa nje ya ndoa huwa wazi. Kisha sensa ya 1921, halafu unarudi nyuma kila miaka kumi. Usihangaike na ya 1931, iliteketea kwa moto mwaka 1942, na 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita.

Hadi hapo kazi ni subira tu. Ugumu huanza ukifika katikati ya karne ya 19, kwa sababu vyeti vya Uingereza ni vichoyo. Cheti cha ndoa kilimtaja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pekee. Mama zao wameanza kuandikwa mwaka 2021, amini usiamini. Cheti cha kifo cha zamani hakitaji wazazi wala mahali marehemu alipozaliwa. Nayo sensa ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima hadi kwenye tano iliyo chini, yaani mtu wa miaka 34 anaandikwa 30, na ikauliza tu kama umezaliwa mkoa huohuo au la. Mimi nilijikuta na familia mbili za jina moja katika parokia jirani, zote vibarua wa mashamba, kila moja ina kijana wa jina lilelile na umri uleule. Hakuna karatasi ya Uingereza iliyoweza kunitenganishia.

Aliyenitenganishia ni dada yake yule kijana, aliyehamia Victoria miaka ya 1850. Kule makoloni ya Australia makarani walidadisi zaidi. Rejista ya vifo ya Victoria ya wakati ule inaandika baba na kazi yake, mama na jina lake la usichanani, alikozaliwa marehemu, ameishi kolonini miaka mingapi, alimwoa au kuolewa na nani na wapi, na watoto wake pamoja na umri wao. Parokia ya Suffolk ilikuwa imeandikwa pale waziwazi. Nikaenda moja kwa moja kwenye daftari la ubatizo la parokia hiyo, na ndugu wote wakajipanga.

Kwa hiyo hao ndugu waliohamia usiwaweke kiporo ukisema utawashughulikia baadaye. Wao ndio njia. Hifadhi ya nyaraka ya Victoria ina faharasa ya bure ya wahamiaji waliolipiwa nauli na koloni, 1839 hadi 1871, na vibarua wengi wa mashamba walipita humo. Magazeti ya zamani ya Australia yako bure kwenye Trove, tovuti ya maktaba ya taifa ya kule. Tafuta jina pamoja na jina la mkoa wa Uingereza, tanzia zao zilipenda kutaja marehemu alikotoka. Tahadhari moja: maelezo ya kifo hutolewa na aliye hai, mara nyingi mkwe ambaye Uingereza hajawahi kuiona. Jina la mama likitofautiana kidogo na la kwenye ubatizo, usimfute mtu.

Miti ya ukoo ya watu wengine mtandaoni isome kama tetesi. Mmoja akikosea, mia wananakili.

Kuhusu DNA, kwako ni muhimu kwa sababu babu hakumwandikisha baba yako kama mtoto wake. Apime baba yako, si wewe, maana yeye yuko kizazi kimoja karibu zaidi. Ndugu wa upande wa Australia wakitokea kwenye matokeo, tayari utajua wanaungana nawe wapi.

Na ukiwaandikia walio hai, barua ya kwanza iwe fupi: jina la babu, Kongwa, miaka, picha. Usitaje mali wala kuomba kuja. Barua ya ghafla kutoka Afrika inayosema "sisi ni ndugu" wengine huidhania utapeli, na kuna wajane na watoto ambao hawajawahi kusikia habari za Kongwa. Wape muda. Binamu mmoja wa mama alikaa kimya karibu mwaka mzima, kisha akatuma albamu nzima.

Ukipata orodha ya meli weka hapa mwaka, bandari na anwani, bila majina ya walio hai. Daftari la 1939 nitakuangalizia mimi, usajili wangu wa kulipia kwenye tovuti bado haujaisha.