Swali la lugha: Visa vya Mfalme Arthur ni "hadithi za mapenzi"?

Mwalimu mmoja wa fasihi kutoka Mwanza anawaandalia wanafunzi wake maelezo ya Kiswahili kuhusu masimulizi ya Uingereza ya Enzi za Kati. Katika rasimu yake, visa vya Mfalme Arthur na mashujaa wake ameviita "hadithi za mapenzi", kwa kuwa Waingereza huviita "romance". Masimulizi yote ya Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, ameyaita "ngano". Mwenzake anashikilia kwamba visa vya Arthur ni "tendi". Mwalimu ananiuliza nani yuko sahihi.

Mwalimu, hizo "hadithi za mapenzi" zifute. Neno hilo la Kiingereza halikuanza na mapenzi. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, na lilikuwa jina la lugha iliyosemwa na watu wa kawaida, lugha iliyozaliwa na Kilatini lakini si Kilatini chenyewe. Baadaye hadithi zilizoandikwa kwa lugha hiyo nazo zikaitwa kwa jina hilohilo. Zilizopendwa zaidi zilihusu mashujaa wapanda farasi, mabwana wao, safari zao na majaribu yao, basi jina likazigandia hizo. Mapenzi yamo, tena mara nyingi, lakini hayatoshi kuupa utanzu huu jina.

Chukua shairi la Gawain na Shujaa wa Kijani, lililotungwa mwishoni mwa karne ya 14 na mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Watu wanasherehekea mwaka mpya katika jumba la Arthur, mara anaingia jitu la kijani, ngozi na nywele, juu ya farasi wa kijani, shoka mkononi. Anataka mtu ampige pigo moja, kwa sharti kwamba baada ya mwaka na siku moja naye atalirudisha. Gawain, mmoja wa mashujaa wa Arthur, anamkata kichwa. Jitu linakiokota kichwa chake, kichwa kinasema, kinamkumbusha ahadi, kisha linaondoka. Mwaka unapokaribia kutimia Gawain anafunga safari katikati ya baridi kali, na njiani anakaribishwa katika ngome moja. Mwenye nyumba anafanya naye mapatano: mimi nitawinda, wewe utabaki, na jioni kila mmoja atampa mwenzake alichopata mchana. Kwa siku tatu mke wa mwenye nyumba anamjia Gawain chumbani kumshawishi. Gawain anakubali mabusu tu, na kila jioni anayarudisha kwa mume kama walivyopatana. Ila siku ya tatu anapokea pia mshipi wa kijani unaosemekana humkinga mtu na kifo, na huo anauficha. Kumbe jitu lile ndilo mwenye nyumba yule, ndiyo sababu Gawain anapoinamisha shingo mbele ya shoka, mapigo mawili hayamgusi, na la tatu linamchuna kidogo tu: adhabu ya mshipi ule.

Hapo kinachopimwa ni uaminifu wa mtu kwa neno lake, na heshima ya mgeni kwa mwenyeji. Mke yule ni mtihani. Mwanafunzi aliyeahidiwa hadithi ya mapenzi atasoma kurasa hizi akingoja harusi, na shoka litampita bila kuelewa limekuja kufanya nini.

Pendekezo langu ni "visa vya mashujaa waungwana". Neno "muungwana" lina uzito tunaouhitaji. Pwani yetu lilikuwa kwanza neno la hadhi, mtu huru asiye mtumwa, kisha likabeba mwenendo unaotarajiwa kwa mtu wa hadhi hiyo: kusema vizuri, kukaa na watu, kutimiza ahadi. Shujaa mpanda farasi wa Ulaya naye alikuwa mtu wa tabaka kwanza, na hadithi hizi zinauliza kama mwenendo wake unalingana na tabaka lake. Ukiona jina hilo ni refu mno, andika "romansi", mradi ulieleze mara ya kwanza.

Mwenzako anayetaka "tendi" amekaribia kuliko wewe, maana ameona ushujaa. Lakini kwetu utendi ni umbo kabla ya kuwa maudhui. Ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani minane, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne unabeba kina kinachopita shairi zima. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni utendi kwa sababu ya vita vyake na kwa sababu ya beti zake, na Utendi wa Mwana Kupona, usio na vita hata kimoja, ni utendi vilevile. Shairi la Gawain limejengwa kwa mishororo mirefu ambamo maneno makuu huanza kwa sauti moja, na beti zenye urefu tofauti zinazofungwa kwa mishororo mitano mifupi yenye vina. Isitoshe, kitabu kikubwa cha visa vya Arthur, cha Thomas Malory, kilichochapishwa na William Caxton mwaka 1485, ni nathari tupu, maandishi ya mfululizo yasiyo na beti. Utendi wa nathari sijausikia.

Sasa Chaucer. Kumwita mtunzi wa ngano ni kuua kile hasa alichokifanya. Alianza kazi yake ya Canterbury karibu mwaka 1387 na alipofariki mwaka 1400 hakuwa ameimaliza. Ni kundi la mahujaji wanaotoka Southwark, karibu na London, kwenda Canterbury kwenye kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa mwaka 1170, na njiani wanasimuliana. Mara nyingi msimulizi anapewa utanzu unaomfaa. Shujaa mpanda farasi anaanza na kisa cha kiungwana cha binamu wawili wanaompenda binti mmoja. Mara tu anapomaliza, msaga nafaka, mlevi chakari, anang'ang'ania kujibu: kwake yeye seremala mzee wa Oxford anadanganywa na mwanafunzi kwamba gharika kama ya Nuhu inakuja, analala ndani ya pipa lililoning'inizwa darini, na mwanafunzi anajipatia nafasi kwa mkewe. Anayeviita visa vyote viwili "ngano" hataona kwamba cha pili kinakidhihaki cha kwanza.

Jina la jumla liwe "hadithi". Kisa cha msaga nafaka kiite "hekaya". Walimu wa Kenya hufundisha hekaya kama kisa cha mjanja anayewazidi wenzake akili, na Abunuwasi amekwisha tuzoesha hilo. "Ngano" ibaki kwa kisa cha jogoo anayesifiwa na mbweha hadi akafumba macho awike, akabebwa shingoni, naye akajiokoa kwa kumfanya mbweha afungue kinywa. Hicho Sungura wetu angekitambua mara moja. Ukitaka neno la kitaalamu, ni "hurafa".

Kisa cha walevi watatu wanaomtafuta Mauti ili wamuue, wakakuta dhahabu chini ya mti na kuuana wenyewe kwa wenyewe, ni "kisa cha mawaidha". Anayekisimulia huishi kwa kuhubiri dhidi ya tamaa ya fedha huku akichuma fedha za wasikilizaji wake, na neno "mawaidha" linalibeba jambo hilo vizuri, kwa sababu linamweka mhubiri mbele yetu.

Jihadhari na mtego mmoja zaidi, ndugu wa ule wa mapenzi. Ukikuta "legend" katika maandishi ya wakati huo, usikimbilie "mighani", yaani visa vya mashujaa wa jamii. Kwa Kilatini lilimaanisha mambo ya kusomwa, na kwa kawaida lilihusu watakatifu. Kisa cha Sesilia anachokisimulia mtawa kwa Chaucer kiite "maisha ya mtakatifu", kama Wakatoliki wetu wanavyosema. "Mighani" mpe Fumo Liongo, na kwa Waingereza mpe Robin Hood. Huyo alikuwa midomoni mwa watu mapema: katika shairi la William Langland la karne hiyohiyo ya 14, mhusika aitwaye Uvivu anakiri kwamba sala ya Baba Yetu haijui sawasawa, lakini mashairi ya Robin Hood anayajua, na hapo hapo anasema amekuwa kasisi kwa zaidi ya miaka 30.