Re: Adapta ya USB inaona Wi-Fi za majirani, ya kwangu haionekani
Salama mkuu. Umesema kwenye Windows 10 adapta (kile kidude cha USB cha kunasa Wi-Fi) inaona mitandao ya majirani, ya kwako haitokei kabisa, ila simu inaunganika. Basi usihangaike kufuta draiva (programu inayoendesha adapta). Kama inaona mingine, ni nzima.

Anza na masafa ya redio ya Wi-Fi, yaani GHz 2.4 au GHz 5. Fungua Command Prompt, andika netsh wlan show drivers, soma mstari wa aina za redio (Radio types supported). Ukikuta 802.11b, g na n tu, bila a wala ac, karibu hakika adapta ni ya GHz 2.4 peke yake, na ruta yako huenda inarusha GHz 5 tu. Ingia kwenye ruta (anwani imebandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1), washa GHz 2.4 na uipe jina tofauti.

Ukiwa humo humo tazama chaneli (namba ya njia ambayo ruta inarushia ndani ya GHz 2.4), hapa ndipo wengi wanapokwama. Ruta ikijichagulia yenyewe inaweza kukaa 12 au 13, na adapta zilizopangwa kwa soko la Marekani hazizioni. Weka 1, 6 au 11.

Jina likitokea lakini linagoma na nywila ni sahihi, badili aina ya ulinzi wa Wi-Fi kwenye ruta, kutoka WPA3 kuwa WPA2 (AES).

Bado? Bandika hapa majibu ya ile amri, tuyaangalie.