Mama anataka umpeleleze papa (baba) kupitia mtoto? Usikubali

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Mama wa mtoto wa miaka minne unayemfundisha anakuomba kila Jumatatu umuulize mtoto papa yake alimpeleka wapi Jumapili, na huko walimkuta nani. Ameshakuletea na kitenge. Wengi hapa wamekushauri umsaidie mwanamke mwenzio. Mimi nasema usimuulize mtoto kitu, na hilo nililijua kwa kuumia.

Nafundisha materneli (chekechea) hapa Bukavu, Kongo, upande wa Kadutu, mwaka wa kumi na moja sasa. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano hawana pazia. Asubuhi tukikaa mkekani kila mmoja aeleze alivyoamka, tunapata habari za mtaa mzima: nani kanunua televisheni, papa gani karudi usiku akiimba. Mwaka wangu wa pili mtoto mmoja akasema, "Kwetu jana tulikunywa maji tukalala." Alisema bila huzuni, kama anayesimulia mvua. Mimi, kwa huruma (ndivyo nilivyojiambia), nikampasha mwalimu mwenzangu tukishuka kwenda nyumbani. Kumbe yeye hununua samaki wa sambaza kwa jirani wa meza ya mama wa mtoto huyohuyo sokoni.

Siku tatu hazikuisha. Mama akaja. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alichukua kikombe cha mtoto na sweta yake, akaniuliza, "Mwalimu, ungeniuliza mimi mwenyewe, ningekuficha?" Mtoto hakurudi tena. Baadaye nikasikia kwamba unga siku ile ulikuwepo. Mama ndiye alikuwa hoi kwa malaria, hakukuwa na mtu wa kupika. Mtoto hakusema uongo. Mimi ndiye nilichukua nusu ya habari nikaigeuza kuwa njaa ya nyumba nzima.

Tangu hapo, neno la nyumbani likitoka kinywani mwa mtoto, nalirudisha kwa wenye nyumba kwanza. Silipeleki kwa wenzangu, wala kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata kwa mafumbo (mafumbo ndiyo mabaya zaidi, kila mama anadhani ni yeye). Namvuta mzazi pembeni, mbali na wanaosubiri watoto getini, nauliza tu: "Mama, juzi mtoto alikuwa mchovu. Kuna kitu nikijue?" Mara nyingi anaeleza mwenyewe.

Sasa huyu wako mwambie hivi: "Mama, leo nikimuuliza kwa ajili yako, kesho papa naye atanituma. Mtoto atagundua kila neno lake linaenda mahali, atafunga mdomo, na siku akiumizwa kweli hatatuambia." NAEYC, chama cha Marekani cha walimu wa watoto wadogo, wana kanuni zao za maadili zinazogusa jambo hilihili: wanafamilia wakigombana, mwalimu awaeleze wote kwa uwazi anachokiona kwa mtoto, asiwe wakili wa upande mmoja. Katika shule nilizopitia sijawahi kuona kanuni kama hizo ukutani. Kilichobandikwa ni tarehe za minervali, yaani ada ya shule.

Na hapo usimlaumu sana huyo mama. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini materneli tumebaki na minervali, kwa hiyo mzazi akiona tunamwita anajua ni deni. Nimewahi kuamriwa kumtoa mtoto wa miaka minne darasani mbele ya wenzake kwa sababu hiyo, nikamtoa. Bado naona haya. Mzazi ambaye hatujawahi kumwita kuongea juu ya mtoto wake atatutuma tu kama anavyotuma mjumbe. Mpe kilicho haki yake: mtoto anachora nini, Jumatatu anakula au anakataa, analia akiachwa na nani. Papa naye mpe hayohayo, kwa maneno yaleyale.

Lakini kuna mahali ambapo kurudi nyumbani kwanza ni kosa. Ukiona alama za kipigo, au mtoto akisema mtu amemgusa sehemu za siri, mwenye kosa huenda yuko humohumo ndani. Usimhoji mara tano. Andika maneno yake kama alivyoyasema, weka tarehe, mwone direktrisi, mkuu wa shule, siku hiyohiyo. Akiwa amebakwa, hospitali haingoji kikao cha ukoo: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na sisi wa Bukavu tuna Hospitali ya Panzi inayopokea watoto wa namna hiyo. Wazee watakuja na mbuzi wakisema jambo limekwisha. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 haijui mbuzi. Huko siri ya familia haikuhusu tena.

Yako haijafika huko. Hiyo ni ndoa inayoyumba, na mtoto yuko katikati. Kitenge, kama hujakipeleka kwa fundi, mrudishie kikiwa kimekunjwa vilevile alivyokileta. Kama umeshakishonesha, basi mlipe.